Plasta Kwenye Taa ya Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilidhani nimekuja kufungua injini. Gereji ilikuwa nje kidogo ya mji wa Arua, kwenye njia ya kwenda Ombaci. Mwenye gereji tulimwita Sajini, kwa sababu alikuwa fundi wa magari jeshini kabla ya kustaafu, na Kiswahili chake alikitoa huko. Alinipa kigoda, akakigeuza kikaelekea ukutani.

"Wewe mutu ya shule, keti hapo," alisema. "Gari ikiingia, hapana geuka. Sikiza tu. Kisha ambia mimi iko na shida gani."

"Bila kuiona, Afande?"

"Macho nadanganya. Sikio iko pole pole, lakini nasema kweli."

Hadi saa sita mchana nilikuwa nimekosea magari matano. Fundi mmoja aliyekuwa amelala chini ya pikapu aliniuliza kama shuleni kwetu tulifundishwa kusikiliza kengele ya chakula peke yake. Gari la sita lilipoingia likikohoa, nikasema halipati mafuta ya kutosha. Sajini hakunisifu. Aliniletea kikombe cha chai pale pale ukutani, nami nikajua nimeajiriwa.

Wakati huo magari mengi yalikuwa bado ya kabureta, na pampu ya mafuta ilikaa ubavuni mwa injini, mahali unapoweza kuishika. Ndani yake mlikuwa na utando wa mpira uliovuta petroli kutoka kwenye tangi, kama mtu anavyonyonya kinywaji kwa mrija. Ukipasuka, harufu ilikuita yenyewe. Baadaye yakaanza kuingia magari ambayo petroli hunyunyizwa ndani ya injini kwa presha kubwa. Pampu ya magari hayo ni ya umeme, nayo imezamishwa ndani ya tangi lenyewe. Huioni, huishiki. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kile kigoda.

Kwa vijana wanaoanza, nitaeleza kama nilivyofundishwa. Washa swichi bila kupiga stata, zima redio, nyamaza. Kwenye magari mengi pampu nzima hunguruma kwa sekunde mbili hivi, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, kisha hunyamaza. Usiposikia kitu, usikimbilie kununua pampu. Angalia kwanza fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayoipelekea pampu moto wake. Vikiwa salama, nenda kwenye waya wa pampu na taa ya kupimia. Taa ikiwaka, waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ukiwa mzima, na pampu bado imenyamaza, basi pampu imekufa. Ikinguruma lakini gari halina nguvu mlimani, funga geji ya presha uangalie. Huenda ni chujio lililoziba, na pampu haina kosa.

Hayo ni ya kichwani. Jambo ambalo Sajini alilitilia mkazo lilikuwa jingine.

"Pampu hapana kufa yenyewe," alituambia kila mara. "Iko mutu aliua yeye. Tafuta huyo mutu kwanza, kisha funga mpya."

Nililisikia neno hilo mara nyingi hata nikaacha kulisikia.

Mimi sikuumbwa kukaa mahali pamoja. Nilipojiona nimeiva niliondoka kwa Sajini nikaenda Oraba, mpakani, nikafanya kazi kwenye malori yaliyokuwa yakisubiri karatasi za kuvuka kwenda Kaya, upande wa Sudan. Mkuu wangu pale, tuliyemwita Msimamizi wa Maegesho, alikuwa na sheria moja: dereva anayesubiri asiambiwe "bado kidogo," aambiwe saa. Nilijifunza kusema saa. Kisha miguu ikawasha tena, nikarudi hadi Koboko, kwenye njia ya Arua, na kufungua kibanda changu kando ya barabara, chenye mabati manne na shimo moja la kuingilia chini ya gari. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo limenifanya niandike haya.

Kulikuwa na zahanati ndogo upande wetu yenye gari moja tu, steshenwagoni nyeupe, ambayo ilipeleka wagonjwa hospitali kubwa ya Arua. Dereva wake alikuwa Mzee Taban, mtu wa makamo, mpole, aliyeendesha kama amebeba mayai. Mkuu wa zahanati alikuwa mtawa, tukimwita Sista Mkuu. Gari likafa pampu, nikafunga mpya. Miezi michache baadaye pampu hiyo nayo ikafa, nikafunga nyingine. Siku hiyo ya pili Sista Mkuu aliniuliza kwa nini zinakufa haraka hivyo. Nilikuwa na magari mengine mawili yakinisubiri.

"Labda ni mafuta ya chupa, Sista," nilijibu huku nikifuta mikono.

Kwetu petroli ya chupa huuzwa kando ya njia, na wengine huichanganya na mafuta ya taa. Nilitamka tu, kama mtu anavyotema kipande cha muwa. Sikufikiri kwamba aliyekabidhiwa mafuta ya gari hilo ni mtu mmoja tu, Mzee Taban.

Mara ya tatu gari lilizimika karibu na Aroi, njiani kwenda Arua, na nyuma alikuwamo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mzee Taban alishuka, akavua kiatu, akagonga tangi kwa chini kwa kisigino mara tatu nne. Pampu iliyochoka wakati mwingine huamka ikigongwa hivyo. Iliamka. Mama alifika Arua akajifungua salama. Lakini kesho yake Sista Mkuu aliingia kibandani kwangu pamoja na gari, ameketi mbele, uso umefungwa.

"Fundi, funga pampu nyingine, iwe ya mwisho," alisema. "Na Ijumaa Taban atanirudishia sare. Nampa dumu la mafuta safi na ufunguo wa tangi ajaze, naye anayabadilisha na ya chupa kabla ya kumimina. Wewe mwenyewe uliniambia."

Mzee Taban alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, kofia mkononi. Hakunitazama kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Fundi," aliniambia kwa sauti ndogo, "mimi iko miaka kumi na moja kwa hii gari. Hapana uza hata kijiko."

Niliingia kwenye kiti cha dereva ili nisikilize pampu, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililojua kulifanya. Nikawasha swichi. Badala ya mngurumo nikasikia mlio mwembamba, kama wa mbu. Jicho langu likashuka kwenye dashibodi. Mahali pa taa ya mafuta, ile ya rangi ya chungwa inayokuonya tangi likikaribia kukauka, palikuwa pamebandikwa plasta ya hospitali, ile ya kufungia kidonda.

Nikaibandua. Taa ilikuwa inawaka.

"Mzee Taban, hii plasta ya nini?"

"Hiyo taa nasumbua wagonjwa," alijibu. "Nawaka siku yote. Mama moja aliona, akaanza kulia, akasema tutalala njiani. Sasa mimi nafunika."

"Inawaka siku zote?"

"Siku yote. Sista napima dumu, lita kumi na mbili, kwenda na kurudi. Tangi iko na kufuli. Kujaza kwisha, ufunguo narudi kwa yeye."

Nilimgeukia Sista Mkuu. Alishika kamba iliyokuwa shingoni, na kwenye kamba, chini ya msalaba wake, ulining'inia ufunguo mdogo wa kifuniko cha tangi.

"Mpakani ni karibu," alisema. "Mafuta yakikaa mengi kwenye tangi, yanatembea yenyewe."

Nilipiga stata, injini iliposhika nikatoa fyuzi ya pampu, nikaiacha inywe kilichobaki kwenye bomba hadi ikazima, ili presha ishuke. Nikatoa waya hasi wa betri. Nikainua kiti cha nyuma, nikafungua kifuniko kilicho chini yake, nikafuta vumbi lote lisije likaingia tangini, nikachomoa mpira na soketi, nikazungusha ile pete inayobana, nikainua pampu taratibu pamoja na boya lake linalopima kina. Petroli iliyokuwemo haikufika hata kiunoni mwa pampu. Mwili wake ulikuwa umebadilika rangi kama sufuria iliyosahaulika motoni, na nililazimika kuishika kwa kitambaa.

"Sista, gusa hapa."

Aligusa kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Hii pampu inaoga kwenye petroli ile ile inayoivuta," nilimwambia. "Petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Tangi likiwa karibu tupu kila siku, inafanya kazi ikiwa kavu, inajichoma. Mafuta hayakuwa mabaya, yalikuwa machache. Nilipaswa kuliona hili mara ya kwanza. Neno la mafuta ya chupa nililisema bila kupima chochote, na lilikuwa uongo. Mzee Taban hana kosa."

Alikifuta kidole kwenye kanzu. Kisha akasema, "Mafundi mnajua kuongea. Nionyeshe."

Hapo alinikumbusha Sajini. Nikafunga pampu mpya, na chujio jipya na mpira mpya wa kuzuia uvujaji kwenye mdomo wa tangi, kwa kuwa ule wa zamani ukishavimba haufai tena. Nikamwomba ajaze tangi lipite nusu. Alifungua kufuli mwenyewe, akamimina mwenyewe, dumu baada ya dumu, midomo ikisogea kama anahesabu rozari. Wakaenda Arua na kurudi, yeye akiwa kando ya dereva njia nzima. Waliporudi nikafungua tena mbele yake na kuinua pampu. Aliishika kwa kiganja kizima, akakaa nayo.

"Vuguvugu," alisema. "Kama chai iliyosahauliwa."

Alivua kamba shingoni, akafungua fundo kwa meno, akautoa ufunguo wa tangi na kumpa Mzee Taban kwa mikono miwili, kama vile mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Basi mimi ndiye niliyeziua," alisema.

"Tulikuwa wawili, Sista," nikasema.

Mzee Taban alikuwa akiutazama ule ufunguo. "Hapana, watatu," alisema. "Plasta ilikuwa ya mimi."

Sista Mkuu alicheka kwanza, ndipo sisi tukathubutu.

Pampu ile haikufa tena muda wote nilipokuwa Koboko. Nilibadilisha mengine kwenye gari hilo, lakini si pampu. Na tangu hapo sikumwambia mwenye gari neno "labda" kabla ya kupima. Nilipofungua gereji yangu ya mwisho, Arua, niliweka kigoda ukutani.

Nimeacha spana nikiwa na miaka arobaini na minane. Ngozi ya mikono imechoka na petroli, na daktari alisema nichague kati ya kazi na vidole. Fundi wa kujitegemea hana sherehe ya kustaafu wala barua. Unagawa vifaa na kuondoka. Sijuti. Nilichobaki nacho ni miguu isiyotulia, nayo ina kazi. Naomba lifti hadi Oraba kuangalia malori, siku nyingine nashukia Aroi bila sababu, nanunua karanga, narudi. Vijana wa magereji hunisalimu, na baadhi huniachia niketi kwenye kigoda.

Juzi Mzee Taban alinichukua kutoka Koboko. Bado anaendesha, ingawa amebakiza miezi michache astaafu, na ufunguo wa tangi sasa umetundikwa kwenye kamba shingoni mwake. Kwenye dashibodi, mahali pa plasta, pamebaki alama ya gundi iliyoshika vumbi. Mshale wa mafuta ulikuwa umepita nusu. Aliwasha swichi, akaacha kupiga stata, nasi sote wawili tukanyamaza bila kuambiana.

Pampu ikanguruma sekunde zake mbili.

"Twende?" aliuliza.

"Twende, Mzee."