Mkanda wa Rehema na Mgongo Wangu

Enzi zetu kule Ubaruku, mgongo ulikuwa wa kubebea mtoto na kupandikizia mpunga. Hakuna aliyeupeleka kwa mtaalamu. Nyie mliokulia kwenye majaruba ya mpunga mnanielewa. Tulitoka shule na vumbi la mchezo wa nage limetukaa mpaka kwenye kope, tukala kande za baridi tumesimama, kisha tukashuka shambani kuamia ndege, kila mtoto na kombeo lake na rundo la udongo. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyesema anahitaji muda wa kupumzisha akili.

Msimu mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama alikuwa nyuma yangu wakati wa kupandikiza. Tulikuwa tumeinama mstari mzima, maji yanatufika kwenye ugoko. Akaona mbavu zangu za kulia zimenyanyuka kuliko za kushoto. Akawaita wenzake waje watazame, nami nimeinama vilevile, miche mkononi. Kikao kikakaliwa palepale kwenye tope na hukumu ikatoka: ni kombeo. Kurusha kwa mkono wa kulia kila siku kumeuvuta mgongo. Dawa yake nirushe kwa kushoto mpaka urudi.

Basi nikarusha kwa kushoto msimu mzima. Udongo wangu ulimpata jirani, ulimpata mbuzi, siku moja ulimpata mjomba kwenye kofia yake ya Ijumaa. Ndege haukumpata hata mmoja. Walishiba kwenye jaruba letu kuliko la mtu mwingine yeyote, na mgongo haukurudi. Hapo mama akabadilisha hukumu. "Saida, wewe huna ugonjwa," alisema. "Uvivu wako ndio umekaa upande mmoja." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Shuleni mwalimu wa zamu alininyoosha kwa fimbo kila asubuhi mstarini, na mimi nikaamini naye ananitibu.

Sasa binti yangu Rehema ana miaka ileile, na tunakaa Mbeya mjini. Mwaka huu fundi cherehani alipokuwa anampima sare, akasema bega moja liko juu. Kesho yake tulikuwa hospitali. Akaambiwa ainame, kama nilivyoinama mimi, ila yeye aliinama kwenye chumba kikavu, mbele ya daktari mwenye sauti ya upole. Mgongo umepinda, akatuambia, na si kosa la mtu. Akapewa mazoezi na mkanda mwembamba wenye kidude ukubwa wa kiberiti. Akijikunja au akiegemea upande, kidude kinatetemeka mpaka ajiweke sawa. Kwa mtaalamu wa mazoezi anaangalia mstari wa mgongo wake kwenye kompyuta, unapanda na kushuka, anajirekebisha mwenyewe huku anauona. Hawakuahidi kwamba mgongo utanyooka kabisa. Walisema huu ndio wakati, kwa sababu bado anakua, na akiacha unaweza kuzidi kupinda.

Nilimwonea wivu. Mwanangu mwenyewe wa kumzaa. Nilimwonea wivu kwa kuinama mara moja tu na kuambiwa pole. Nilikaa kwenye benchi pembeni nikatabasamu, na moyoni nilikuwa nauliza mimi nilimkosea nani.

Yeye, kama watoto wa siku hizi, akaona ni mateso. Wenzake darasani walimtania kwamba ana simu tumboni. Jumapili moja akaja jikoni amenuna, akaniomba asivae.

"Basi vua," nikamwambia. "Mbona sisi tulikaa bila hicho na tukaishi."

Akavua upesi kabla sijabadili mawazo. Wiki nzima mkanda ulikaa juu ya kabati, nami nikajidanganya kwamba namhurumia. Ukweli ni kwamba roho yangu ilifurahi. Niliona sasa tumekuwa sawa.

Jumamosi, nikidhani ametoka, nikaufunga mimi. Ukaanza kutetemeka. Nikajivuta huku, nikajivuta kule, nikashika ukuta, wapi. Rehema akaingia akanikuta hivyo. Hakucheka. Akasema polepole, "Mama, hiki wamekiseti kwa mgongo wangu. Kwako hakitanyamaza."

Akanifungua mwenyewe, mkono wake ukapita juu ya mbavu zangu za kulia, ukasimama pale kidogo. Nikamgeuza, nikamfunga yeye.

"Si ulisema nivue?"

"Nilisema kwa wivu, mwanangu."

Akausogeza mkanda ukae vizuri. Kidude kikatetemeka kidogo, akajinyoosha, kikanyamaza.

Siku hizi tunasema watoto wamedekezwa, na mimi ni wa kwanza kusema. Lakini nikikumbuka ile wiki, siwezi kujilinganisha na mama. Yeye alinipa alichokijua, na nilishamsamehe zamani. Mimi nilijua, na bado nikamwambia avue.