Dua Ndefu na Boti ya Bwejuu

Niliondoka Makete kwa sababu ya barua moja, nikiwa nimebeba nyingine mkobani. Ya kwanza ilikuwa ya uhamisho: mimi, nesi wa milimani ninayevaa sweta mwaka mzima, nikafanye kazi katika zahanati ya Kisiwa cha Bwejuu, Mafia. Ya pili niliiandika mwenyewe. Ilikuwa barua ya kuacha kazi, imekamilika yote isipokuwa tarehe. Mwaka uliotangulia nilimzika mume wangu, na sasa naambiwa nikaishi katikati ya maji nami kuogelea sijui. Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi.

Shida ni kwamba kwa miaka kumi na moja mimi ndiye niliyewafundisha wanawake wa kanisa letu somo la kumtegemea Mungu. Walipokuja kuniaga, mwenyekiti wetu, Mama Sanga, alifungua daftari lake akanisomea maneno yangu mwenyewe.

“Hapa ulisema tusimchagulie Bwana njia ya kutupitisha.”

“Nilisema hivyo nikiwa nchi kavu,” nikamjibu.

Tukakubaliana niende kwanza nikaripoti, nirudi baada ya wiki tatu. Nikirudi, ama nifungashe vyombo, ama niipeleke ile barua ya pili.

Safari ya basi hadi pwani ilinichosha, lakini basi nalijua. Hofu ilinianzia Nyamisati, kwenye chombo cha kuvukia kwenda Mafia. Kando yangu walikaa mume na mke kutoka Arusha, wanakwenda kwenye hifadhi ya bahari kuogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko basi nililoshuka. Nikawauliza ni mwajiri gani aliyewatuma. Wakacheka, wakasema wako likizo. Nikafumba macho hadi Kilindoni.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, nilikuwa ufukweni Kilindoni na sweta langu na nusu gunia la viazi. Boti ya Bwejuu ilikuwa ya injini, imesogezwa karibu kabisa na mchanga, imejaa watu. Nahodha Shaame, mwanamume mpole wa makamo, alinipokea mzigo. Bi Mtumwa, mkulima wa mwani aliyekuwa anarudi kwao, akanisogezea nafasi kwenye ubao.

“Shikamoo, bibi,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Ndo wewe nesi wetu? Alhamdulillahi! Tushachoka kungoja.”

Huko kwao chombo hakiondoki bila dua. Nahodha aliinua mikono, wote wakainua, wakasoma kwa sauti ya chini, wakajipangusa nyuso. Haikuchukua muda hata wa kufunga kiatu. Kisha Nahodha akanigeukia kwa heshima.

“Na wewe, Mama Nesi, tuombee kwa dini yenu.”

Sasa, msomaji, sisi kwetu mtu akiombwa kuomba, anaomba. Nilisimama, nikafumba macho, nikaanza na shukrani. Nikaiombea injini na kila ubao wa boti. Nikawaombea abiria, wajane, yatima, wagonjwa, madaktari, Rais, mawaziri na wakuu wa mikoa. Nikamweleza Bwana mambo yangu tangu msiba hadi uhamisho, nikalia kidogo, nikaanza upya. Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyekohoa. Nikasema moyoni, watu hawa wana ibada kweli.

Niliposema Amina na kufumbua macho, bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yameshuka yakatuacha juu ya mchanga, boti imelala ubavu, na kaa mmoja anapita pale nilipotegemea kuzama.

“Tumepwelewa,” alisema Nahodha, bila hasira. “Maji yatarudi saa kumi.”

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Dua haikatizwi, mwanangu,” akasema Bi Mtumwa. “Tungekukatizaje nawe uko na Mola wako?”

“Mie ulipofika kwa Rais nikajua unashuka,” Nahodha akaongeza. “Kumbe ndo kwanza unapanda mikoani.”

Wakacheka wote. Mimi nilitamani mchanga unimeze. Maana nilijua jambo wasilolijua wao: sikuwa naomba tufike salama. Nilikuwa naomba ili tusiondoke. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Mungu huyo huyo niliyekuwa nawafundisha wenzangu kumtegemea, na aibu yake ilinichoma kuliko jua.

Saa tano, Bi Mtumwa aliniuliza kama katika mkoba ule nina kipimo cha presha. Ninacho. Nikampima, ilikuwa juu sana, na dawa zake ziliisha tangu mwezi uliopita, ndiyo kwanza ametoka kuzichukua hospitali ya Kilindoni. Nikamuuliza kwa nini hakuzifuata mapema. Akanijibu kwamba karibu wote ndani ya boti ile walikuwa wanatoka hospitali, kwa kuwa zahanati yao haikuwa na nesi, na si kila siku mtu anapata chombo. Akasogea mwanamke mjamzito aliyevimba miguu. Akasogea na Nahodha mwenyewe, aliyekuwa na kidonda alichokifunga kwa kitambaa cha tanga.

Nilihitaji karatasi ya kuandikia majina na vipimo. Nilipekua mkoba wote. Mbali na ile ya uhamisho, iliyokuwepo ilikuwa moja tu, na nyuma yake nyeupe kabisa. Kisha nikaigeuza, nikaandika: Bi Mtumwa. Mpaka maji yanarudi upande wa nyuma ulikuwa umejaa, nikahamia pembezoni mwa upande wa mbele. Viazi tulivipikia pale pale ufukweni.

Wiki tatu Bwejuu zilikwenda haraka. Siku ya kurudi, Nahodha alinitazama, akayatazama maji, akanitazama tena.

“Leo omba wewe,” nikamwambia. “Mimi nitaitikia Amina.”

Makete nilikuta baridi yangu ikinisubiri. Wanawake walijaa sebuleni, na Mama Sanga akauliza barua iko wapi. Nikampa. Aliisoma upande mmoja, akaigeuza, akasoma majina na presha za watu asiowajua. Machozi yakamtoka.

“Sasa hii utampelekea nani?” akauliza.

“Naipeleka zahanati, ndiyo faili langu la kwanza. Nifungieni vyombo.”

Bado naogopa maji. Mungu hakuniondolea hofu hata kidogo. Nimejifunza tu kwamba naweza kupanda botini nikiwa nayo. Wanawake wakaniomba niombee safari yangu ya kurudi Bwejuu.

“Bwana, unajua ninakokwenda. Twende wote. Amina.”

Nilipofumbua macho, Mama Sanga alikuwa bado anatandika kanga ili apige magoti.