Pakanga ya Mama Yangu

Binti yetu wa kwanza alirudi kutoka kwa wazazi wa baba yake, kule karibu na ziwa, akiwa amenenepa na mchangamfu. Haukupita muda mrefu, homa ikamshika. Mume wangu, mfanyakazi wa reli, alikuwa safarini, nami nilikuwa peke yangu katika chumba chetu cha nyumba za reli, Nakuru. Nikamwita mama yangu kutoka Keringet.

Mama alifika na furushi la pakanga, ule mmea wa majani ya kijivu unaoota kando ya mashamba ya kwetu. Aliichemsha mpaka chumba kizima kikajaa harufu yake. Mtoto alitema kijiko cha kwanza.

"Nyanya, ni chungu!"

"Meza tu, mama. Kesho utacheza."

Mchana ule joto lilishuka. Aliomba uji, nasi tukacheka kwa furaha. Jioni macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Tulimkimbiza hospitali, wakamdunga kwinini. Kulipokucha alikuwa amekata roho.

Mume wangu alirudi akakuta matanga. Alimkazia mama macho, akasema mbele ya waombolezaji, "Majani yako yameniulia mtoto."

Mama alijifunga leso, akaondoka hata kabla ya mazishi. Hakukanyaga kwangu tena. Jirani walipomwendea kuomba dawa, aliwaambia hajui kitu. Pakanga iliyozunguka nyumba yake aliing'oa yote.

Nilimfuata kumsihi. "Mama, hukumuua."

"Wewe umejuaje?"



Mama alikuwa amezikwa miaka mingi wakati mjukuu wangu, mfamasia, aliponieleza kwamba Wachina wana mmea wa ukoo mmoja na pakanga, nao umetoa dawa kali ya malaria.

"Na pakanga yetu?"

"Yetu haina dawa ile, au inayo kidogo mno. Hata ule wa Wachina, ukiuchemsha, nguvu yake hupotea."

Nikamsimulia kifo cha binti yetu. "Ingeweza kuua mtoto?"

"Vile vijiko vichache? Hapana, nyanya. Ni malaria iliyompanda kichwani."

Nililia kama nimefiwa upya. Mama alikufa akijiona muuaji.

Jioni nilimweleza mume wangu, mzee sasa. Alisukuma sahani kando.

"Kaburi la mama yako," akauliza, "bado linaonekana?"

Nikamwambia shamba liliuzwa, na siku hizi hapo wanalima viazi.