Jina la Dereva Kwenye Fomu

Mwaka wa 1967, Roseline alikuwa na miezi mitatu tu ya kujifunza kuendesha gari. Mwalimu wake alikuwa mumewe, Dishon, aliyenunua samaki wakavu Homa Bay na kuwauza Suna kwa pikapu yao.

Asubuhi moja Dishon aliamka na homa kali. Roseline alimketisha kando yake garini, akaweka gunia lililokunjwa nyuma ya mgongo wake ili miguu ifikie breki, akashika njia ya hospitali ya Homa Bay. Kwenye kona moja mbele ya Rongo, lori la ng'ombe likaingia upande wao na kuwaparuza ubavu mzima. Hawakuumia, ila madigadi ilikunjamana na rejeta ikatoboka. Mwenye lori, Maroa wa Ntimaru, alishuka, akakiri kwamba alikuwa amegeuka kuangalia ng'ombe wake. Polisi aliyefika aliandika namba za magari na majina ya wenyewe, basi. Msamaria mmoja mwenye gari akamfikisha Dishon hospitalini.

Fomu ya bima ilipoletwa, Dishon alishapata nafuu. Palipoulizwa jina la dereva, aliandika lake.

“Wakijua ni mwanafunzi alikuwa kwenye usukani, tumekwisha,” alimwambia mkewe.

Roseline hakubisha, lakini tangu siku hiyo hakutulia. Aliunguza uji mara mbili. Kila gari liliposimama karibu na nyumba, aliacha alichokuwa akifanya na kusikiliza.

Mkaguzi wa bima, Bwana Ondieki, alifika kutoka Kisumu siku ya Alhamisi. Alizunguka pikapu polepole, akapima palipobonyea kwa utepe, akaandika. Kisha akaketi kwenye kiti cha dereva. Magoti yake yakagonga usukani. Akaliinua lile gunia, akamtazama Dishon, mtu mrefu kuliko yeye mwenyewe, na kumuuliza kama ndivyo alivyozoea kukaa.

 Roseline alisogea karibu na mlango wa gari.

“Ni mimi nilikuwa naendesha, bwana,” alisema. “Huyu Baba Dolphine alikuwa kando yangu, ana homa.”

Ondieki aliomba leseni. Roseline alileta yake ya kujifunza, iliyokuwa ndani ya Biblia, na ya mumewe. Mkaguzi alizisoma zote mbili. Aliuliza kama mgonjwa alikuwa macho. Roseline alijibu kwamba alikuwa macho, tena alikuwa akimwambia apunguze mwendo.

Ondieki akairudisha fomu kwa Dishon pamoja na kalamu.

“Futa jina lako, uandike la mama. Mwanafunzi aliye na dereva mwenye leseni kando yake, bima hii inamkubali. Fomu ya uongo ndiyo ingewanyima kila kitu.”

Hata hivyo hakuahidi kitu.  Wiki kumi na moja zilipita, Roseline akienda posta na kurudi mikono mitupu, kabla ya barua kuwajia: Maroa alikuwa amekiri kwa maandishi, na kampuni ya bima ilikuwa imekubali kulipia matengenezo.

Pikapu ilirudi na madigadi ya kijani kisichofanana na kile cha milango. Roseline alifanya mtihani wa udereva, akaanguka, akarudia mwaka uliofuata na kufaulu. Tangu hapo safari za Homa Bay zikawa zake.