Chupa Sitini na Nne za Dawa

Binti alikuwa fundi wa kompyuta, lakini subira yake mwenyewe ilishakufa na haikuwa na spea. Baba yake, mtunza stoo mstaafu wa hospitali, alikuwa ametafunwa na joka lilelile la kwenye mchezo wa kompyuta kwa mara ya tisa, pamoja na mashujaa wake wote sita.

"Baba, mkobani una chupa ngapi za dawa?"

"Sitini na nne," mzee alijibu kwa maringo.

"Umetumia ngapi?"

"Hata moja! Likija joka kubwa zaidi je?"

"Baba yangu wee, hili ndilo la mwisho! Mpe dawa huyo wa upanga anayepigana mbele, tena kabla hajafa, siyo tukishamzika!"

Mzee alikuna kidevu. Miaka thelathini manesi walimbembeleza awape dawa dirishani pake wakachoka wenyewe. Wakarudi pangoni mwa joka. Wa upanga alipobakiwa na uhai kiduchu, binti alifumba macho. Akasikia kipanya kikibofywa mara moja, kwa uchungu, kisha joka likaanguka kwa kishindo.

Alipofumbua macho, mzee alishafungua daftari.

"Sasa huyu wa upanga," aliuliza, "anasaini wapi?"