Kengele ya Baba Mkwe

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mwanangu, nimekaa jikoni kwangu Ndandalo nachambua mchele, masikio yangu yote yako kwenye spika ndogo niliyoitundika ukutani. Ilikuwa kimya. Nami nikatulizwa na ukimya ule, nikijua maana yake baba mkwe wangu hajambo.

Usinicheke kwanza, ngoja nikueleze. Miaka hiyo biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, na redio za betri zilikuwa zimejaa madukani Ipinda. Zikiharibika zililetwa kwangu, maana kaka yangu alikuwa fundi na alinifundisha kabla sijaolewa. Mume wangu alikuwa anashinda Njisi, kule mpakani, akiuza mchele. Baba yake, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alikaa peke yake ng'ambo ya migomba yetu, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kumkaribia. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule mkamwana na baba mkwe hawakutazamana. Nikimsikia anakohoa njiani, nilijitosa migombani. Chakula nilipika mimi, akakipeleka jirani yetu Tusajigwe.

Sasa akizidiwa mchana, nani atajua? Kupiga kelele hakuweza, pumzi zilikuwa haba. Ndipo nikatengeneza kengele. Nilivuta waya kupitia migombani, kibonyezo cha bati Tusajigwe akakiweka kando ya kitanda chake, spika ikawa kwangu. Akibonyeza, mimi namkimbilia Tusajigwe.

Ndani yake kulikuwa na transista mbili nilizozitoa kwenye redio mbovu. Transista ni kama kile kizuizi cha maji shambani kwa mpunga: umeme kidogo ukiingia mguu mmoja, inafungulia umeme mwingi upite miguu mingine. Nilizifunga hizo mbili zikabiliane, katikati yake kapasita mbili, vile vidude vinavyoweka akiba ya umeme kidogo. Transista ya kwanza ikifunguka, kapasita yake inaizima ya pili. Lakini kapasita ile haikai hivyo, inajazwa polepole kupitia rizista, kile kinachoubania umeme njia, na ikijaa kiasi, ile ya pili inaamka na kuizima ya kwanza. Hivyo hivyo zinapokezana, mara nyingi mno kwa sekunde moja, na kila kupokezana kunaitikisa spika. Kutikisika huko ndiyo sauti yenyewe. Mwanangu, niliipenda sana kazi ile. Transista mbili zisizokuwa macho pamoja, na bado kila moja inaishi kwa kumtegemea mwenziwe. Nilijiona mimi na baba mkwe mle ndani.

Nilitaka ilie kwa nguvu, kwa hiyo nikatoa rizista kubwa nikaweka ndogo ili umeme uingie mwingi. Kabla Tusajigwe hajakipeleka kibonyezo, nikakibonyeza mwenyewe pale jikoni. Ililia mpaka kuku wakatawanyika, nami nikatembea kwa maringo siku nzima.

Basi mchana ule wa masika, nikiwa nachambua mchele wangu kwa amani, nikasikia Tusajigwe anapiga yowe. Alikuwa amempelekea chakula akamkuta chini, midomo imekauka, pumzi zinakatika, kidole bado kiko juu ya kibonyezo. Wanaume walimpakia kwenye baiskeli wakamkimbiza zahanati. Nilibaki nimeikodolea macho ile spika. Nililia kwa hofu na kwa hasira.

Mungu ni mwema, alirudi. Siku aliyopata nguvu za kusema, aliagiza nije nisimame nje, nyuma ya ukuta. Tusajigwe alikuwa ndani naye, na yule mzee alizungumza na Tusajigwe, kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Tusajigwe, mwambie mke wa mwanangu, kengele yake niliibonyeza. Niliibonyeza mpaka nikachoka."

Akapumzika, akavuta pumzi.

"Tena muulize. Alipoijaribu, aliijaribu kwa kidole cha nani?"

Nilikuwa nimeijaribu kwa kidole changu, cha mwanamke kijana anayetwanga na kulima.

Nilirudi jikoni nikaunganisha ncha za waya wa kibonyezo taratibu, kwa ulegevu, kama mgonjwa. Kimya. Nikarudia kwa nguvu, ikalia. Ndipo nikaelewa. Umeme ukiingia ghafla, transista moja huwahi na kumzima mwenziwe, mchezo ukaanza. Ukiingia kwa kunyemelea, zote mbili zinafunguka pamoja, na kwa vile nilivyozishibisha umeme, hakuna inayompisha mwenzake. Zinabaki wazi, hakuna kupokezana, hakuna sauti. Kidole dhaifu kilikuwa kinagusa bati nusunusu tu.

Nilirudisha rizista kubwa. Kibonyezo nikakitengeneza upya kwa kifuniko cha mkebe wa rangi ya viatu, kile kinachoalika "tak!" kwa mara moja hata mtoto akikigusa. Safari hii sikuijaribu mimi. Nilisubiri jikoni mpaka Tusajigwe alipokiweka kidole cha mzee juu ya kifuniko kile. Ikalia. Nikasikia kutoka ng'ambo ya migomba ile sauti ya kifua kibovu: "Ndaga! Ndaga fijo!" Ahsante sana, ndivyo alivyosema, na safari hii hakumtuma mtu.

Tangu hapo kila asubuhi aliibonyeza kidogo tu. Hakuwa na shida, alikuwa ananisalimia. Nami nilikuwa naijibu spika, "Ugonile, baba," yaani umelalaje, kama mwehu.

Halafu ikaja asubuhi isiyolia. Kabla sijamwita mtu, niligusanisha ncha za waya pale jikoni, polepole, kwa ulegevu wa mgonjwa. Ikalia vizuri kabisa. Kengele ilikuwa nzima. Nikamkimbilia Tusajigwe, naye akamkuta ameshatutoka. Nilikaa chini nikamlilia mzee ambaye sikuwahi kumtazama usoni.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayejifunza ufundi, shika hili moja: unachomtengenezea mtu usikisifu mpaka kimefanya kazi mkononi mwake yeye, katika siku yake mbaya. Na ukimya wa mgonjwa au wa mzee usiuite amani. Inuka, kaulize. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, na utakapofika uzee wangu, akujalie mtu anayekusikia hata ukigusa kidogo tu.