Usukani wa Ngozi ya Mbuzi

Nyie chekeni tu. Usukani na dashibodi ya Landrova kuukuu ya Bwana Shamba vilikuwa vimepasuka, na vipuri Korogwe nzima hakuna. Mimi fundi wake nikajigamba, "Mzee, tutajitegemea!" Nikavivalisha ngozi mbichi ya mbuzi, kama tunavyowamba ngoma, nikijua ikikauka itabana yenyewe.

Kesho yake akanipeleka kwenye mkutano wa kijiji Kwedizinga, anitambulishe. Njiani jua likaipika ile ngozi, ikanuka. Tulipofika tukaacha vioo wazi ili harufu itoke.

Bwana Shamba akasimama kifua mbele. "Ndugu wananchi, geukeni muone gari langu na fundi aliyelitengeneza!"

Wote tukageuka. Mbwa wawili walikuwa wamekaa viti vya mbele, mmoja anatafuna usukani, mwenzake analamba dashibodi.

Bibi mmoja akauliza, "Fundi ni yupi kati ya hao?"